Jotoridi la Kitu Gani?

Grafu ilikuwa ukutani. Nukta nyeusi zilishuka kutoka kushoto kwenda kulia, na mstari mwekundu ulizipitia zote bila kuiacha hata moja. Ilikuwa Jumamosi mchana, Sinza, kwenye chumba tunachokutania na vijana wachache wanaosoma fizikia pale Mlimani. Pembeni ya mstari nilikuwa nimeandika: T = MeV 75. MeV ni kipimo cha nishati ambacho wanafizikia hukitumia pia kwa jotoridi na tungamo.

Binti wa mwaka wa pili akanyoosha mkono.

"Samahani kaka. Hiyo T ni jotoridi?"

Nikamwambia ndiyo.

"La kitu gani?"

Nilimpa jibu linalopatikana kwenye makala nyingi: ni kigezo cha fomula, kinatokana na mteremko wa spektra, yaani mchoro wa idadi ya chembe kulingana na momenta zao. Akaandika daftarini. Kisha akaongeza, kwa adabu kabisa: "Lakini zimegongana protoni mbili tu, zikatoka chembe chache. Chembe chache hivyo zinapataje jotoridi?"

Kikao kiliendelea. Swali lilibaki na mimi.

MeV 75 ukizigeuza kuwa kelvini unapata karibu bilioni 870. Katikati ya Jua ni milioni 15. Namba kubwa kiasi hicho lazima iwe na mwenyewe, na kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikimtafuta.

Mstari unaopita kila mahali

Tunachopima hakina fumbo. Chembe zenye chaji zinatoka kwenye mgongano, uga wa sumaku unazipinda, na kutokana na mpindo huo tunapata momenta ya mkingamo, yaani ile sehemu ya momenta inayokatiza njia ya miale. Tunaiita pT. Tunahesabu chembe ngapi zina pT ndogo na ngapi zina kubwa, tunachora. Majedwali ya majaribio ya LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe iliyoko CERN, maabara ya fizikia karibu na Geneva, yamewekwa wazi kwenye HEPData, hazina ya data mtandaoni; mwenye kompyuta na bando la intaneti anayapakua akiwa Mbagala na kufanya hesabu zilezile zinazofanywa Geneva.

Upande wa pT ndogo, idadi inashuka kama inavyoshuka kwenye gesi yenye moto. Mwaka 1965 Rolf Hagedorn, akiwa CERN, alijenga nadharia nzima juu ya jambo hilo. Alisema maada ya hadroni, yaani chembe zilizoundwa na kwaki kama protoni, ina kikomo cha jotoridi, karibu MeV 160: ukizidi kuipa nishati, nishati hiyo inakwenda kuzalisha chembe mpya badala ya kuzipasha zilizopo. Ni wazo zuri mno, na sehemu yake kubwa imesimama mpaka leo.

Upande wa pT kubwa mambo yanabadilika. Katika gesi ya MeV 160, uwezekano wa kupata chembe yenye pT ya GeV 10 (GeV moja ni MeV 1000) ni moja gawanya kwa namba yenye sifuri 27. Usingeiona hata moja. Lakini pale LHC zinaonekana kila siku, kwa sababu zina asili nyingine: kwaki au gluoni mbili, yaani chembe zilizomo ndani ya protoni, zimegongana uso kwa uso na kurusha jeti, mafungu ya chembe zinazokwenda upande mmoja, pembeni. Spektra ya huko haishuki kwa kasi ya gesi. Inashuka taratibu zaidi, kwa kipeo cha pT.

Fomula niliyoitumia inaunganisha pande zote mbili. Msingi wake ni takwimu alizopendekeza Constantino Tsallis mwaka 1988. Ina T, na ina kigezo kingine kiitwacho q. Ukiweka q sawa na 1 unarudi kwa Boltzmann, yaani fomula ya kawaida ya gesi. Ukiipandisha kidogo, mkia wa spektra unanyanyuka. Jean Cleymans wa Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na wenzake waliiandika kwa namna inayoheshimu kanuni za thamodinamiki, na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba inakubaliana na data za migongano ya protoni kwenye TeV 0.9 (TeV moja ni GeV 1000). Walipata T ya MeV 70 na ushee, na q kati ya 1.1 na 1.2. Kwetu sisi tunaofanya mambo haya tukiwa barani Afrika, jina la Cleymans lina uzito wa pekee. Alifundisha Cape Town miaka mingi, akafungulia njia wanafunzi wengi, mpaka alipofariki mwaka 2021.

Baadaye wengine waliinyoosha fomula hiyo hadi pT ya karibu GeV 200 kwa data za CMS, moja ya majaribio makubwa ya LHC. Ikapita. Kati ya nukta ya juu na ya chini kabisa kuna tofauti ya mara trilioni mia moja, na fomula yenye vigezo vitatu inazigusa zote.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Kama pT ndogo inatokana na tukio la aina moja na pT kubwa inatokana na tukio la aina nyingine kabisa, kwa nini mstari mmoja uzitoshe zote mbili? Ama kuna ukweli wa ndani ambao bado hatujauona, ama mstari wenyewe ni laini mno, unajipinda kufuata chochote unachopewa. Hagedorn mwenyewe, mwaka 1983, aliandika fomula yenye umbo karibu sawa na hilo: kipeo juu, mteremko wa gesi chini. Hakuhitaji Tsallis. Umbo lilikuwepo, kilichobadilika ni maelezo yaliyobandikwa juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo nawasihi vijana walizoee mapema. Grafu ya aina hii huchorwa kwa mhimili wa logi, na mhimili wa logi una huruma kupita kiasi. Tofauti ya asilimia 20 haionekani kwa macho. Ukitaka kujua ukweli, gawanya data kwa fomula, chora uwiano huo kwenye kisanduku cha chini, bila logi. Ukifanya hivyo na spektra hizi ndefu, utaona uwiano haukai kwenye 1. Unapanda na kushuka kama wimbi. Wapo wanafizikia waliochukua wimbi hilo kwa uzito na kulitafutia maana. Wengine wanasema ni dalili tu kwamba fomula si sahihi kabisa. Mimi niko karibu na kundi la pili.

Fomula ileile, T tofauti

Kilichonisogeza hasa si wimbi. Ni jambo dogo, karibu la karani.

Fomula ya Tsallis inaandikwa kwa zaidi ya namna moja. Ile ya Cleymans ina kiungo cha ziada mbele yake, na tungamo la chembe limeingia kwa njia tofauti. Namna nyingine, ambayo majaribio mengi huitumia kwa sababu ni rahisi kuifiti, haina kiungo hicho. Kikundi cha ALICE, jaribio jingine la LHC, kilipochapisha spektra za pioni na kaoni (hadroni mbili nyepesi kuliko protoni) na za protoni za TeV 0.9 mwaka 2011, kilitumia hiyo ya pili. T ya pioni ikawa karibu MeV 126. Ya kaoni, karibu 160. Ya protoni, zaidi ya 180.

Migongano ileile ya TeV 0.9. Mstari wa kwanza unapita vizuri, wa pili unapita vizuri. Wa kwanza unasema 70 na kitu, wa pili unasema 126 kwa pioni hizohizo.

Jotoridi halitakiwi kubadilika kwa sababu umeandika fomula kwa mtindo mwingine. Nilipoziweka namba hizo pamoja kwenye karatasi moja nilielewa kwamba binti yule alikuwa ameuliza swali pekee lililostahili kuulizwa siku ile. Kinachopimwa ni mteremko. Mteremko una kipimo cha nishati, na kwa hiyo unavaa sura ya jotoridi bila shida. Kuvaa sura si ushahidi.

Na angalia zile namba tatu za ALICE tena. Zinapanda kadiri chembe inavyokuwa nzito. Nitazirudia.

Risasi kwa risasi

Sasa ondoka kwenye protoni, nenda kwenye viini vya risasi, ile metali nzito. Kila kiini kina protoni na neutroni 208. Mgongano wa katikati kabisa, yaani viini vikikutana uso kwa uso, kwenye TeV 2.76 unatoa chembe zenye chaji karibu 1600 kwa kila kipande kimoja cha pembe tunachotumia kuhesabu. Mgongano wa kawaida wa protoni, hata kwenye TeV 7, unatoa kama 6.

Hapa mtu anaweza kuzungumza kuhusu jotoridi bila aibu. Lakini hata hapa utapata zaidi ya moja.

Fotoni, chembe za mwanga, zinazotoka moja kwa moja kwenye mgongano zina mteremko wa karibu MeV 300. Ukitumia idadi ya kila aina ya chembe, pioni ngapi, protoni ngapi, lamda ngapi, na kadhalika, unapata karibu MeV 156. Ukitumia spektra za pioni, kaoni na protoni unapata karibu MeV 95.

Namba tatu, mgongano mmoja, na hazigombani. Fotoni hazishikwi na maada ile, zinatoroka tangu mwanzo kungali na moto mkali, ingawa mteremko wao nao umesukumwa kidogo na mwendo wa maada yenyewe. Idadi za chembe zinaganda baadaye, maada inapogeuka hadroni na migongano ya kubadilisha aina inapokoma. Momenta zinaganda mwisho, pale hata kugusana kunapokwisha. Yote hayo yanatokea ndani ya muda ambao ukiuandika kwa sekunde, tarakimu ya kwanza isiyo sifuri inakuja nafasi ya 22 au 23 baada ya nukta.

Hiyo 95 ina mwenzake, na bila mwenzake haina maana. Maada inapopanuka, kila kitu ndani yake kinasukumwa nje kwa kasi ya pamoja. Simama Feri geti la pantoni linapofunguliwa: umati una kasi moja, na mwenye gunia begani anatoka na momenta kubwa kuliko mtoto anayetembea ubavuni mwake, ingawa hakuna aliyemzidi mwenzake mbio. Ndivyo protoni inavyotoka na pT kubwa kuliko pioni. Mwaka 1993 Schnedermann, Sollfrank na Heinz waliandika modeli inayotenganisha sehemu mbili za mwendo huo: vurugu za kila chembe peke yake, ambazo ndizo jotoridi, na msukumo wa pamoja. Kwa risasi ya katikati kwenye TeV 2.76 jibu ni MeV 95 na kasi ya wastani ya asilimia 65 ya kasi ya mwanga.

Hapa nina imani zaidi, na sababu yake ni moja. Pioni, kaoni na protoni zenye tungamo tofauti kabisa zinafitiwa kwa pamoja, na zote tatu zinakubali T moja na kasi moja. Pioni ina MeV 140, protoni 938. Kuzilazimisha zishiriki namba mbili ni mtihani ambao modeli ingeweza kufeli.

Hata hivyo kuna swali la mipaka. Pioni hufitiwa kuanzia GeV 0.5 hadi 1, kaoni kuanzia 0.2 hadi 1.5, protoni kuanzia 0.3 hadi 3. Kwa nini pioni za chini ya 0.5 zimeachwa? Kwa sababu nyingi kati ya hizo si watoto wa mgongano, ni wajukuu: zimetokana na chembe za muda mfupi kama ro na delta zilizokwisha kuvunjika njiani. Ukiziingiza, T inasogea. Sababu ni ya haki, naikubali. Lakini nataka kila anayeandika 95 aandike na mipaka aliyotumia, mstari huohuo, maandishi yaleyale. Namba bila mipaka yake ni nusu ya habari.

Protoni zinapofanana na risasi

Turudi kwa zile namba: 126, 160, zaidi ya 180.

Mteremko unaopanda na tungamo ndiyo alama ileile ya msukumo wa pamoja. Kwenye risasi tunaisoma hivyo bila kusita. Tukiikuta kwenye protoni tufanye nini?

Jibu rahisi lilikuwa kusema protoni ni ndogo mno. Halafu mwaka 2010 CMS wakaona, katika migongano ya protoni iliyotoa chembe nyingi kuliko kawaida, chembe zilizo mbali sana kimwelekeo zikitembea kama zimepatana. Mwaka 2017 ALICE wakachapisha kwamba chembe zenye kwaki geni (aina ya kwaki ambayo si ya kawaida kwenye protoni) zinaongezeka kadiri mgongano wa protoni unavyotoa chembe nyingi, zikipanda taratibu kuelekea kiwango cha risasi. Modeli ya msukumo wa pamoja ukiitumia kwa protoni dhidi ya risasi, kwenye migongano yenye chembe nyingi zaidi, inakupa kasi ya karibu asilimia 55.

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kurudi Sinza na jibu safi: ni tone dogo la maada moto, na jotoridi ni lake.

Kisha nikasoma kuhusu PYTHIA.

PYTHIA ni programu inayoiga migongano ya protoni. Haina maji ndani yake, haina gesi, haina jotoridi la maada. Ina kwaki, gluoni na nyuzi za rangi zinazoziunganisha (rangi hapa ni jina tu la chaji ya nguvu kali, ile inayoshikilia protoni na viini). Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba ukiruhusu nyuzi hizo zijipange upya kabla ya kuvunjika, spektra zinazotoka zinakuwa na alama ya msukumo: chembe nzito zinasukumwa zaidi. Ukizifiti kwa modeli ya 1993, inakupa T na kasi kama kawaida. Fomula inatoa jotoridi la kitu ambacho, kwa ujenzi wake, hakina jotoridi.

Nilisimama hapo kwa siku nyingi. Kwangu hiyo ndiyo nukta nzito kuliko zote katika mjadala huu, na inasikitisha kwamba mara nyingi inapitwa haraka. Fiti nzuri inathibitisha kwamba data haziikatai fomula. Haithibitishi kwamba kilichoelezwa na fomula kipo.

Kugawanya badala ya kufiti

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote, na hakiulizi jotoridi kabisa.

Chukua spektra ya risasi. Igawanye kwa spektra ya protoni ya nishati ileile iliyozidishwa kwa idadi ya migongano midogo iliyomo ndani ya mgongano mkubwa. Kwa risasi ya katikati, idadi hiyo ni karibu 1700. Kama kiini ni mkusanyiko tu wa protoni na neutroni zisizoathiriana, uwiano kwenye pT kubwa ungekuwa 1.

Kwenye TeV 2.76, pT ya GeV 6 hadi 7, uwiano ni karibu 0.13.

Chembe saba kati ya nane hazipo pale zilipotarajiwa. Fotoni zenye nishati kubwa na bosoni Z, ambazo hazishikwi na nguvu kali, zinabaki karibu na 1. Protoni dhidi ya risasi, pT kubwa, nazo karibu na 1. Kwa hiyo kilichozipunguza ni maada iliyozaliwa baada ya mgongano: kwaki na gluoni zimepita ndani yake na kupoteza nishati, jambo ambalo Bjorken alilifikiria tangu 1982. Hakuna fomula ya Tsallis hapo. Hakuna T. Kuna spektra mbili na mgawanyo.

Nao una mipaka yake. Ile 1700 inatoka kwenye modeli ya umbo la kiini. Matokeo ya kwanza ya ALICE, mwishoni mwa 2010, hayakuwa hata na spektra ya protoni ya TeV 2.76, ilikadiriwa kati ya 0.9 na 7, mpaka LHC ilipogonganisha protoni kwa nishati hiyo mwaka 2011. Na kama protoni nazo zina tabia za risasi, basi kipimo tunachopimia nacho si kitupu kabisa. Lakini uwiano wa 0.13 hauyumbishwi na mambo hayo. Ungehitaji kukosea mara saba.

Nilimpigia binti yule. Nikamwambia kwamba kwenye protoni zenye chembe chache sitaandika tena jotoridi pembeni ya mstari. Nitaandika mteremko, na fomula iliyotumika. Kwenye risasi nitaandika jotoridi, nikiweka kasi na mipaka ya fiti pembeni. Akauliza: "Na katikati ya hapo, kaka?"

Oksijeni

Katikati ya hapo kuna jaribio. Mwezi Julai 2025 LHC iligonganisha oksijeni kwa oksijeni kwa mara ya kwanza, kiini chenye protoni na neutroni 16, halafu neoni. Ni mfumo mkubwa kuliko protoni na mdogo mno kuliko risasi, na umbo lake linajulikana kuliko umbo la protoni.

Ninachotaka kuona ni spektra za pioni, kaoni na protoni za oksijeni zikifitiwa pamoja, kwa mipaka ileile ya risasi, kisha zilinganishwe na PYTHIA yenye nyuzi zinazojipanga upya. PYTHIA ikizieleza zote tatu bila maada moto, nitaondoa neno msukumo kwenye grafu zangu za protoni pia. Ikishindwa kwenye protoni, ambayo ndiyo nzito kuliko zote tatu, huku modeli ya 1993 ikipita, basi tone lipo, na tutaanza kuuliza linakuwa dogo kiasi gani kabla halijatoweka. Programu ya kufiti aina zote tatu kwa pamoja nimeshaiandika, na nitampa yeyote atakayeitaka. Waanze na jedwali la risasi la asilimia 0 hadi 5, yaani asilimia 5 ya migongano iliyo ya katikati zaidi, kwa sababu hapo jibu linajulikana na watajua kama hesabu zao zimekaa sawa.